Antibiotiki kwa ng'ombe wa maziwa: kabla ya sindano, siku ya sindano na baada yake

Maswali ni yaleyale, kuanzia Tukuyu mpaka Mafinga. Ng'ombe kavimba kiwele, nimchome OTC (oksitetrasaiklini, antibiotiki ya sindano) mililita ngapi? Maziwa yamekataliwa kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, nikiyachemsha si yatafaa? Ndama anaharisha, nimpe kidonge gani? Keshapigwa sindano tatu na nafuu haioni, niongeze? Nimeyajibu kwenye simu, kwenye foleni ya maziwa, hata msibani. Basi nayaandika yote mahali pamoja.

Mwongozo huu ni wa mfugaji mwenye ng'ombe mmoja hadi kumi hivi, anayekamua kwa mkono na kupeleka maziwa kituoni kwa bodaboda au kichwani. Hautakufanya daktari wa mifugo. Utakuonyesha lini sindano haina kazi, na inapokuwa na kazi, ufanye nini ili imponye ng'ombe na maziwa yasirudi nyumbani.

Nadharia ni fupi. Antibiotiki inapambana na bakteria tu. Haigusi virusi, haigusi minyoo, haigusi njaa wala baridi. Ukiitumia ovyo au nusunusu, bakteria dhaifu wanakufa, wagumu wanabaki na kuzaliana, na kesho dawa ileile haiwafanyi kitu. Ndio usugu wa vimelea dhidi ya dawa, UVIDA unaousikia redioni. Na hawa wagumu hawakai bandani. Wanatoka na maziwa mabichi, na samadi unayomwaga kwenye bustani ya mboga, na mikono ya anayekamua. Tanzania ina mpango kazi wa kitaifa wa jambo hili tangu 2017, unaohusu binadamu na mifugo pamoja. Ulaya ilikwishapiga marufuku antibiotiki za kunenepesha mifugo tangu Januari 2006. Yatosha hayo, twende bandani.

Vitu vya kuwa navyo kabla ng'ombe hajaumwa

- Kipimajoto cha mifugo, kimefungwa uzi na kibanio cha nguo (uzi huo utaushukuru).
- Daftari la kurasa nyingi na kalamu iliyofungwa humohumo.
- Kikombe cheusi cha kuchunguzia maziwa. Bakuli lolote la plastiki jeusi linafaa.
- Sabuni ya unga ya kufulia, na sahani nyeupe au kibao cha kupimia chenye vishimo vinne.
- Utepe wa fundi cherehani.
- Vitambaa safi, kila ng'ombe na chake.
- Dawa ya kuchovya chuchu yenye ayodini, na kikombe chake.
- Pamba na spiriti.
- Kitambaa chekundu au kamba nyekundu. Kazi yake utaiona hatua ya 8.
- Ndoo ya ziada isiyofanana na ile ya maziwa ya kuuza.
- Namba ya afisa mifugo wa kata na ya daktari wa mifugo wa wilaya. Ziandike ukutani, kwa sababu simu huzimika.

Umeona chupa ya OTC haimo kwenye orodha. Chupa iliyokaa dirishani ndiyo inayomfanya mtu achome kwanza na kufikiri baadaye.

Hatua ya 1. Pima joto kabla ya kusema chochote

Paka kipimajoto mafuta, kiingize kwenye njia ya haja kubwa, kiegemeze kwenye ukuta wa ndani kisizame katikati ya kinyesi, subiri dakika mbili. Ng'ombe mkubwa mwenye afya ana nyuzi 38 hadi 39.3. Andika ulichokiona, na saa uliyopima.

Kama joto ni la kawaida na ng'ombe anakula na kucheua, huna dharura. Una muda wa kufikiri. Wengi wanaoharakia sindano hawajapima. Wameshika sikio, wakasema "ana homa".

Hatua ya 2. Mwangalie mzima, kichwa hadi mkia

Hapa ndipo dawa nyingi hupotea bure, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Joto limepita 40, tezi chini ya sikio na mbele ya bega zimevimba, macho yanatoa machozi, anahema kwa shida: fikiria ndigana kali. Hii huletwa na kupe, na kisababishi chake si bakteria. Dawa yake ni ya kundi jingine, kama buparvakwoni, na inafanya kazi vizuri ikiwahi. OTC peke yake haimponyi ng'ombe aliyekwisha kuugua ndigana kali. Inakulia siku mbili, na siku hizo mbili ndizo za kumwokoa.

Fizi na ngozi ya ndani ya uke zimekuwa nyeupe au za njano, choo kigumu, amekonda ghafla: huenda ni ndigana baridi. Hii OTC inaitibu. Magonjwa mawili yana jina la ukoo mmoja na dawa tofauti, ndiyo sababu jirani yako anakuapia kwamba "OTC inatibu ndigana". Kwake ilitibu kweli.

Mkojo mwekundu ni jambo jingine tena, nalo lina dawa yake. Vidonda mdomoni na kwato, au mapele ngozi nzima, ni virusi. Toa taarifa kwa afisa mifugo siku hiyohiyo, maana ni magonjwa yanayosambaa kijiji kizima, na mtaalamu ndiye ataamua kama vidonda vinahitaji antibiotiki.

Ng'ombe amezaa jana au juzi, ameanguka hainuki, masikio ya baridi, shingo ameikunja ubavuni, joto chini ya 38: hiyo ni homa ya maziwa. Jina lina neno homa lakini homa hakuna. Amepungukiwa kalsiamu na anahitaji kalsiamu ndani ya saa chache, kwa mkono wa mtaalamu. Antibiotiki hapo ni sawa na kumpa maji.

Ndama anaharisha lakini ana nguvu, ananyonya, hana homa, hakuna damu kwenye kinyesi: mpe maji ya chumvi na sukari. Lita moja ya maji safi ya uvuguvugu, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Mpe katikati ya vipindi vya maziwa, wala usimkatie maziwa. Akilegea, macho yakizama, akipata homa au damu ikionekana, piga simu.

Hatua ya 3. Kiwele: pima kila robo peke yake

Kwa ng'ombe wa maziwa, ugonjwa wa kiwele ndio unaokula antibiotiki kuliko vyote. Kwa hiyo ujue hatua hii vizuri kuliko nyingine. Robo ni sehemu moja kati ya nne za kiwele, kila moja na chuchu yake.

Kila kabla ya kukamua, kamulia michirizi miwili mitatu ya kwanza kwenye kikombe cheusi. Usikamulie sakafuni wala kiganjani. Kiinamishe kikombe kwenye mwanga, uone maziwa yanavyoteleza. Maziwa mazima hushuka laini kama karatasi. Maziwa ya kiwele kinachoumwa huacha chembe ndogo nyeupe zilizong'ang'ania plastiki, au uzi, au maji ya njano kama yaliyotoka kwenye mtindi. Kwenye ndoo nyeupe hizo chembe huzioni hata ukodoe macho.

Mara moja kila wiki mbili fanya jaribio la sabuni. Koroga gramu 15 za sabuni ya unga, karibu vijiko sita vidogo vilivyosawazishwa, kwenye nusu lita ya maji. Kamua kidogo kutoka kila chuchu kwenye kishimo chake, ongeza maji ya sabuni ya kiasi kilekile, zungusha taratibu nusu dakika. Yakibaki maji, robo hiyo ni nzima. Yakianza kuvutika, kuna tatizo. Yakiwa mazito kama uji au ute wa yai, tatizo ni kubwa. Kipimo cha dukani kinachofanya kazi hiyohiyo kipo na ni kizuri zaidi. Kilibuniwa California mwaka 1957 na hadi leo hakijapitwa. Lakini sabuni ya jikoni isikufanye ukose kupima. Usipime wiki ya kwanza baada ya kuzaa wala ng'ombe anapokaribia kukauka (kuachwa kukamuliwa kabla ya kuzaa), utapata majibu ya uongo.

Ukishapima, amua hivi:

a) Sabuni imevutika lakini maziwa yanaonekana mazuri na ng'ombe mzima. Usichome, usiweke tyubu (dawa inayoingizwa kwenye kiwele kupitia tundu la chuchu). Rekebisha ukamuaji (nitaueleza chini), mkamue wa mwisho, pima tena baada ya wiki. Robo inayoendelea kuvutika miezi na miezi hutibiwa vizuri zaidi wakati wa kumkausha, si katikati ya maziwa.

b) Chembe zinaonekana, robo imevimba au ina moto, ila ng'ombe anakula na hana homa. Mwite mtaalamu siku hiyohiyo. Wakati unamsubiri, ikamue hiyo robo mpaka iishe, mara nyingi kwa siku, na umwage. Kuna vimelea ambavyo mwili unavishinda wenyewe ukisaidiwa hivyo, na kuna ambavyo havitoki bila dawa. Kwa macho huwezi kuvitofautisha.

c) Maziwa ni maji au damu, robo ngumu au imepoa na kugeuka rangi, ng'ombe ana homa, hataki kula, amelala. Hii ni dharura, usiku au mchana. Hapa antibiotiki inahitajika na kuchelewa kunaua. Mwongozo wa kupunguza dawa haumaanishi kumnyima dawa mnyama anayekufa.

Hatua ya 4. Chukua sampuli kabla ya dawa, si baada

Ukiweka dawa kwanza, maabara haitaona kitu. Omba chupa safi ya sampuli kwa afisa mifugo. Nawa mikono, futa ncha ya chuchu kwa pamba yenye spiriti mpaka pamba itoke nyeupe, mwaga michirizi ya kwanza, kisha kamulia kwenye chupa ukiwa umeiinamisha vumbi lisidondokee. Funga, andika jina la ng'ombe, robo na tarehe, weka kwenye barafu, ifike maabara ndani ya siku moja. Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, ina kituo Iringa kinachohudumia huku Nyanda za Juu Kusini. Ulizia gharama na siku ya kupokea kabla hujatuma.

Kwa mwenye ng'ombe mmoja aliyeugua mara moja, mtaalamu anaweza kuona sampuli si lazima. Lakini kama robo ileile imerudi mara ya tatu, au ng'ombe watatu wamepata kiwele mwezi mmoja, sampuli ni nafuu kuliko dawa utakazobahatisha.

Hatua ya 5. Mtaalamu akifika, muulize

Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 ndiyo iliyoweka Baraza la Veterinari, na anayetibu mifugo kwa malipo anapaswa kutambuliwa nalo. Si kosa kumwuliza mtu kama amesajiliwa. Muulize kwa adabu, "Daktari, naomba uniandikie," kisha hakikisha yafuatayo yameandikwa kwenye karatasi: ugonjwa anaoushuku, jina la dawa yenyewe (siyo rangi ya chupa), kiasi na siku ngapi, na muda wa kusubiri kwa maziwa na kwa nyama, yaani muda baada ya dawa ambao havitumiwi wala kuuzwa.

Akikwambia "dawa hii haina shida kwenye maziwa", mwombe akuonyeshe kwenye kibandiko. Zipo dawa za muda mfupi, hata chache zisizohitaji kumwaga maziwa, lakini hilo husemwa na kibandiko.

Hatua ya 6. Nunua dukani, usinunue mnadani

Dawa za binadamu na za mifugo nchini husimamiwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo ina ofisi ya kanda Mbeya. Wewe kama mnunuzi angalia haya:

- Kibali cha duka kimebandikwa ukutani na hakijaisha muda.
- Kibandiko kinasomeka, kina jina la kiambato, nguvu yake, namba ya toleo, tarehe ya kuisha na muda wa kusubiri.
- Chupa haijafunguliwa, haijakaa juani, haina mashapo wala rangi ya ajabu.
- Umepewa risiti.

Usikubali kumiminiwa dawa kwenye chupa ya soda au kuvutiwa kwenye bomba la sindano dukani. Ukifika nyumbani hutajua ni nini, nguvu gani, wala muda wa kusubiri. Ukiwa na shaka na dawa, au imemdhuru mnyama, toa taarifa TMDA au kwa afisa mifugo na utunze chupa.

Na hizo pakiti za unga zilizoandikwa "vitamini" zenye picha ya kuku mnene? Geuza usome nyuma. Nyingine zina oksitetrasaiklini ndani. Wafugaji wa kuku wanazimimina kwenye maji kila wiki "kwa kinga", na mayai yanaendelea kwenda sokoni. Hiyo ni antibiotiki kama nyingine, ina muda wa kusubiri kama nyingine.

Hatua ya 7. Dozi hutokana na uzito, siyo na mazoea

Nimeona "mililita 20 kwa ng'ombe" imekuwa kama sheria, awe mtamba mdogo au jike kubwa la Friesian. Pima. Zungusha utepe wa fundi nyuma ya miguu ya mbele upate mzingo wa kifua. Kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa makalio. Zidisha mzingo kwa mzingo, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 10,840. Vipimo viwe sentimita, jibu ni kilo.

Mfano: mzingo 170, urefu 140. 170 mara 170 ni 28,900. Mara 140 ni 4,046,000. Gawanya kwa 10,840, unapata kama kilo 373. Ikiwa kibandiko kinasema mililita 1 kwa kila kilo 10, huyu anahitaji mililita 37. Ukimpa 20 umempa kama nusu, na nusu dozi ndiyo shule ya usugu. Kiasi kikubwa hivyo hugawanywa sehemu mbili au zaidi za mwili kama kibandiko kinavyoelekeza. Mtajie mtaalamu uzito huu; kazi ya dozi na sindano ni yake, au yako kwa maelekezo yake.

Kama ni tyubu ya kiwele:

1. Kamua robo mpaka iishe kabisa.
2. Futa ncha ya chuchu kwa spiriti, pamba mpya kila chuchu, mpaka itoke safi.
3. Ingiza ncha ya tyubu kidogo tu, milimita chache. Ukiisukuma yote unapeleka uchafu ndani na kupanua mlango wa chuchu.
4. Bonyeza yote. Tyubu moja, robo moja. Kugawana tyubu kati ya chuchu mbili ni kuhamisha ugonjwa.
5. Sugua dawa kuelekea juu, kisha chovya chuchu kwenye ayodini.
6. Rudia kwa saa na siku zilizoandikwa, hata kama chembe zimepotea siku ya pili.

Tyubu za kukaushia ng'ombe ni nyingine kabisa, hukaa kwenye kiwele wiki nyingi. Usiziweke kwa ng'ombe anayekamuliwa.

Hatua ya 8. Hesabu muda wa kusubiri kwa saa

Hapa ndipo maziwa hurudishwa, na mara nyingi mfugaji hakuwa na nia mbaya; alihesabu vibaya.

Muda wa kusubiri huanza kwenye dozi ya *mwisho*. Tuseme umeweka tyubu tatu: Jumatatu saa 12 jioni, Jumanne saa 12 asubuhi, Jumanne saa 12 jioni. Kibandiko kinasema saa 96. Saa 96 ni siku nne, kwa hiyo inaisha Jumamosi saa 12 jioni. Mimi ningemwaga na ya Jumamosi jioni, nikaanza kuuza Jumapili asubuhi. Usisahau ya Jumanne asubuhi na jioni, kati ya tyubu na tyubu. Hayo nayo humwagwa.

Mambo manne yanayowakosesha watu:

- Maziwa ya robo *zote nne* humwagwa, hata kama tyubu iliingia kwenye moja. Dawa hupita kwenye damu.
- Dawa mbili zikitumika, fuata yenye muda mrefu zaidi.
- Ukiongeza dozi au siku kuliko kibandiko, muda wa kibandiko haukufai tena. Mwulize mtaalamu.
- Nyama ina muda wake, mara nyingi wiki kadhaa. Ng'ombe aliyechomwa juzi hauzwi kwa mchinjaji leo eti kwa kuwa "anakaribia kufa".

Mfunge kitambaa chekundu mguuni mara tu dozi ya kwanza inapoingia. Anayekamua asubuhi huenda si wewe. Ni mama, au kijana aliyekuja kusaidia, na hakuna aliyemwambia. Mkamue wa mwisho, kwenye ndoo ya ziada, unawe mikono.

Maziwa hayo mwaga kwenye shimo mbali na kisima na mto. Ndama usimpe, unamlisha dozi ndogondogo za dawa kila siku. Mbwa na nguruwe hivyohivyo.

Hatua ya 9. Andika

Mstari mmoja unatosha. Hivi:

*12/6. Sikujua. Kiwele, nyuma kulia, chembe. Joto 38.9. Tyubu ya penisilini 3, kila saa 12, mwisho 13/6 jioni. Saa 96. Kuuza 18/6 asubuhi. Kaandika daktari wa kata.*

(Sikujua ni jina la ng'ombe.) Baada ya mwaka, daftari litakuonyesha ng'ombe anayekula dawa kuliko anavyotoa maziwa. Huyo aondoke kundini, na uamuzi utakuwa wa daftari, si wa hasira.

Kazi inayopunguza dawa kweli

Kukamua. Nawa kwa sabuni, osha chuchu kwa maji kidogo badala ya kuogesha kiwele kizima, kausha kwa kitambaa cha ng'ombe huyo tu. Kitambaa kimoja kwa ng'ombe wote ndicho kisambazaji namba moja. Kamua kwa kubana, usivute. Ukimaliza chovya chuchu zote nne, kisha mwekee majani mbele asimame nusu saa hivi, mpaka mlango wa chuchu ufunge. Akilala mara moja kwenye matope, umempa bakteria njia.

Malalo. Rungwe mvua hainyamazi, Makete na Njombe baridi ya Juni hadi Agosti inauma, na banda lenye matope ni kiwele kinachosubiri siku. Inua sakafu, toa mfereji, tandika kikavu. Mufindi mna bahati ya maranda kutoka viwanda vya mbao vya Sao Hill, lakini yawe makavu na yabadilishwe mara kwa mara: unga wa mbao mbichi uliolowa hukuza bakteria wabaya sana wa kiwele. Ukikosa maranda, maganda ya mpunga kutoka Usangu ni mazuri.

Kupe. Ogesha kwa ratiba. Ulizia chanjo ya ndigana kali, hasa kwa ndama. Mnyama hupewa vimelea hai pamoja na oksitetrasaiklini ya muda mrefu siku hiyohiyo. Ndiyo, hapo antibiotiki ni sehemu ya kinga, na ni matumizi halali kabisa. Sindano moja ya OTC siku hiyo inaepusha nyingi baadaye.

Ndama. Dang'a (maziwa ya kwanza baada ya kuzaa) ndani ya saa sita za kwanza, na kwa siku ya kwanza kiasi cha sehemu ya kumi ya uzito wake. Ndama wa kilo 30, lita tatu. Asipopata, utamtibu mapafu na kuhara mpaka uchoke. Weka kizuizi cha upepo upande wa baridi, ila usizibe banda lote. Hewa nzito ya mkojo nayo huharibu mapafu.

Kukausha. Mpumzishe siku 60 kabla ya kuzaa. Tyubu za kukaushia si za kila ng'ombe kila mwaka. Ziende kwa wenye historia ya kiwele. Daftari litakwambia ni nani.

Ikienda kombo

*Siku tatu za tyubu na chembe bado zipo.* Usiongeze tyubu nyingine ya rangi nyingine. Rudi hatua ya 4 (mwambie mtaalamu dawa iliyokwishatumika) na uangalie ukamuaji. Kuna vimelea vinavyojificha ndani ya kiwele, na robo hiyo huenda ikabidi ikaushwe moja kwa moja.

*Maziwa yamekataliwa na sijatibu ng'ombe.* Uliza yamekataliwa kwa kipimo gani. Kituoni wanapima maji, uchachu na dawa, na kila kimoja kina chanzo chake. Kama ni dawa, waulize wote nyumbani, angalia ndoo iliyokuwa na maziwa ya kumwaga, na ng'ombe mpya uliyemnunua wiki iliyopita. Mwuzaji huenda alimtibu.

*Nikiyachemsha?* Hapana. Kuchemsha kunaua vimelea, lakini mabaki ya dawa kama penisilini na oksitetrasaiklini hayaishi kwa moto wa jikoni. Kuna watu penisilini inawadhuru hata ikiwa kidogo tu.

*Mtindi haugandi.* Bakteria wanaogandisha mtindi nao wanauawa na mabaki ya antibiotiki. Kama hamira yako ni ileile na maziwa yamekataa kuganda, shuku dawa kabla ya kushuku mkono wa mtu.

*Nimemchoma, dakika chache baadaye anavimba uso na kuhema.* Mzio. Acha dawa hiyo, piga simu sasa hivi, na uiandike kwenye daftari kwa wino mkubwa asipewe tena.

*Afisa mifugo yuko mbali, hafiki leo.* Mpigie, mpe joto, uzito na ulichokiona kwenye kikombe cheusi. Kwa taarifa hizo anaweza kukuelekeza dukani kwa jina la dawa na dozi. Bila hizo, atabahatisha kama wewe.

*Nina chupa ya OTC iliyofunguliwa tangu msimu wa mahindi uliopita.* Dawa nyingi za chupa zikishatobolewa hutumika ndani ya siku 28, kibandiko kitakwambia. Usiimwage chooni wala mtoni. Irudishe dukani ulikonunua au mpe afisa mifugo, pamoja na sindano zilizotumika kwenye kopo gumu lenye mfuniko.